Nyati wa Ngoliba

Jamani, kazi ya kuongoza watalii ilikuwa karibu iwe yangu, imebaki majaribio tu. Nilimwendesha bosi kutoka Thika hadi Ngoliba, tukaacha gari, tukapanda kilima kutafuta wanyama. Nyuma ya kichaka nikaona mgongo mweusi, mkubwa kama lori.

“Nyati,” nikanong'ona. “Lala chini, bosi. Usipumue.”

Akalala kwa vumbi na suruali yake nyeupe. Tukakaa hivyo mpaka mama mmoja akatokea na ndoo.

“Mbona mmelala kwa shamba yangu? Mkimtisha Njeri hatatoa maziwa.”

Nikatamani nyati wa kweli atokee animalize. Mama akanipa kamba nimshikie ng'ombe wake akimkamua. Bosi akajipangusa, akanitazama.

“Shika vizuri,” akasema. “Hiyo kazi utaiweza.”