Kiini Nilichokijenga Siku za Mashine Kuzimwa

Kwetu mlimani nyumba hazikai pamoja. Kila moja imepachikwa kwenye tuta lake, na anayetaka kukutembelea hupanda mpaka magoti yamlegee. Ndiyo maana hakuna anayetoka bila kumuaga jirani wa chini. Ukienda shamba la mtoni, unamwambia. Mgeni akipiga hodi kule bondeni, jirani anakuitikia: hayupo. Mgeni anasema haya na kuendelea na safari yake. Haulizi mengi, wala hapandi bure. Nilikua nikidhani dunia nzima inaishi hivyo, mpaka nilipohamia Morogoro mjini nikakuta watu wanagonga milango ya nyumba tupu hadi mikono inawauma.

Mjini nilifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha kiwanda kimoja cha umma, na sitaficha, nilijiona. Msichana aliyesomeshwa kwa kabichi na njegere za ukoo, leo amekaa kwenye kiti cha kuzunguka! Aliyeamua nisomeshwe ni mjomba, kaka yake mama. Kwetu Waluguru ukoo na ardhi hupitia kwa mama, kwa hiyo mjomba akishasema, limesemwa. Nilipokuja likizo alinitembeza kwa jamaa, akiwaambia kwamba huyu ndiye anayezungumza na mashine.

Kisha likaja soko huria. Kiwanda kikauzwa, mwekezaji akaja na kompyuta zake na watu wake, na sisi tukapunguzwa. Neno lenyewe liliniudhi, kana kwamba tulikuwa chumvi iliyozidi kwenye mboga. Nilirudi nyumbani kupitia Mlali, nimepanda lori tupu lililokuwa likienda kuchukua kabichi, na njia nzima sikumsemesha dereva.

Nilipofika nilimwomba mama jambo moja. Mtu yeyote akiniulizia, aseme sipo. Mama akasema haya. Tangu siku ile, kila hodi iliyopigwa chini ya nyumba yetu kwa ajili yangu ilijibiwa hivyo hivyo, na mimi nikiwa ndani nachambua maharage kimya kimya. Niliona aibu. Nilimwonea mjomba aibu kuliko watu wote.

Aliyenitoa ndani ni Sista mmoja wa misheni, mzaliwa wa kusini, mfupi, mwenye kutembea kama mtu aliyechelewa. Yeye aliambiwa hayupo kama wengine, akaingia hivyo hivyo. Alikuwa amepokea kompyuta nane kutoka kwa wafadhili wa Ulaya, mitumba mitupu, na alitaka kuanzisha darasa la wasichana waliomaliza sekondari wakakaa nyumbani. Alinieleza shida yake huku amesimama. Chumba pekee kilichokuwa na umeme pale misheni kilitakiwa pia na kikundi cha wakulima, ambacho mwenyekiti wake alikuwa mjomba.

Nisimsingizie mjomba, wakulima walikuwa na haki yao. Zamani mazao yalikuwa na mnunuzi wake mmoja na bei yake moja. Sasa walikuja wafanyabiashara wa Dar na wa Dumila na magari yao, kila mmoja na bei yake mdomoni, na mkulima asiye na pa kuhifadhi viazi alichukua chochote alichopewa. Chumba kile kingewapa nguvu ya kusubiri. Paroko, kwa kutaka amani, alitoa uamuzi: kompyuta zikiwa zinafanya kazi ifikapo sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, chumba ni darasa. Zisipofanya kazi, ni ghala la viazi.

Nilikubali kazi ile kwa hasira zaidi ya wema. Nilitaka kuacha kujificha, na sikuona mlango mwingine.

Kompyuta zilikuwa kongwe, zenye kumbukumbu kiduchu. Mfumo niliopanda nao kutoka mjini, kwenye CD ya rafiki, ulikuwa wa bure, na kiini chake, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamka kwanza na kuzisimamia zote, kilikuwa kimejazwa kila kitu ambacho kompyuta yoyote popote ingeweza kuhitaji. Kilipokwisha kuingia, hapakubaki nafasi ya kuandika hata barua. Lakini uzuri wake ni kwamba maandishi yake yote yalikuwa wazi, na mtu mwenye subira aliweza kukijenga upya. Kabla ya ujenzi kinakuuliza: unataka sehemu hii? Na hii? Ukijibu hapana, sehemu ile haiingii kabisa. Si kwamba imezimwa, bali haipo.

Nilijibu maswali yale kama mama anavyopanga tenga la kushusha sokoni, kinachouzika kiingie, kingine kibaki. Sauti, hapana. Aina za diski ambazo hatukuwa nazo, hapana. Kuokoa betri, hapana, kwa sababu hilo ni jambo la kompyuta za kubeba mkononi na zetu hazikuwa na betri, zilikuwa na mto. Nilifurahia kusema hapana. Tangu kiwandani nilikuwa nimeambiwa hapana na watu wengi, sasa ilikuwa zamu yangu.

Umeme wa misheni ulitoka kwenye mto huo, na mto huo huo ndio uliozungusha mashine ya kusaga ya kikundi cha wakulima. Akina mama wakileta mahindi, taa zilififia na kompyuta zikazimika na kuwaka upya. Kujenga kiini kulichukua sehemu kubwa ya siku, hata kwenye ile kompyuta iliyokuwa na afya kuliko wenzake. Kwa hiyo siku yangu ilikuwa Jumapili tu, mashine ya kusaga ikiwa imepumzika kama Wakristo wengine.

Jumapili ya kwanza niliianzisha kazi alfajiri, nikaenda misani. Kwaya iliimba na mimi nilikuwa nahesabu mafaili moyoni. Niliporudi alasiri, nilikuta ujenzi umekwama mwishoni kabisa, pale vipande vyote vinapounganishwa kuwa kitu kimoja. Kipande cha skrini kilikuwa kinaita kazi ya kuokoa betri, ile niliyoikataa. Ujenzi ulikuta jina linaitwa na hakuna mwenye jina hilo, ukasimama. Aliyeandika kipande kile hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atasema hapana.

Wiki nzima niliisoma programu ile mstari kwa mstari, katika saa chache ambazo mashine ya kusaga ilinyamaza. Kila mahali palipoitwa betri nilipazungushia sharti: kama sehemu hii ipo, fanya hivi, kama haipo, ruka. Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa umejaa masharti kama boma la miiba, lakini nilijipongeza. Jumapili ya pili kiini kilijengeka. Kilikuwa chembamba, chepesi, na kompyuta zote nane ziliwaka. Sista alinishika mikono tukazunguka naye kama watoto, halafu akatuma watu wamwite mjomba.

Mjomba alikuja na wazee wenzake wawili wa kikundi. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniuliza nimekuwa wapi miezi yote ile. Aliangalia skrini moja moja, mikono nyuma. Sista akawakaribisha chai, tukaketi, tukaongea habari za mvua. Tulipokuwa tunaongea skrini zikaanza kuwa nyeusi, moja baada ya nyingine, kama inavyotakiwa kompyuta ikiachwa bila kuguswa.

"Zimelala?" mjomba aliuliza.

Nilisema ndiyo, zimelala.

"Ziamshe."

Nikabonyeza kibodi, na haikuwa na habari. Nikaenda ya pili na ya tatu. Zote zilikuwa zimeganda. Niliiona sababu siku hiyo hiyo, baada ya wao kuondoka. Katika boma lile la miiba, sharti moja nilikuwa nimelifunga mstari mmoja chini ya pale lilipostahili kuishia. Mstari ule uliorukwa haukuhusu betri hata kidogo. Ulikuwa wa kuiachia skrini ipokee amri tena. Mjomba hakunicheka. Alisema tu kwamba viazi vitaanza kuchimbwa baada ya sikukuu, akavaa kofia yake.

Nilirudi nyumbani nikalipiga teke tenga la mama, na sikwenda misheni siku kadhaa. Sikuogopa kurekebisha mstari ule mmoja. Nilichokosa ni imani na boma zima, kwa sababu kama nilikosea pale ningejuaje sikukosea kwingine? Na sikukuu ilikuwa Jumapili inayofuata. Sikuwa na Jumapili nyingine ya kujengea.

Siku moja asubuhi, nikiwa ndani, nilisikia hodi na nikaijua sauti. Alikuwa mjomba. Mama alikuwa uani anaanika mihogo. Ndala zangu zilikuwa mlangoni, zinaonekana na kila mtu.

"Hayupo," mama alisema, bila kuinua kichwa.

Nikamwazia anaziangalia ndala.

"Haya. Akirudi, mwambie Jumamosi mashine ya kusaga haitawashwa. Mkanda umechakaa."

Nikasikia hatua zake zinashuka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu, nikiwa bado nimekaa na aibu yangu, nikaanza kulifikiria jambo lenyewe. Mjomba hakuhitaji kujua kama nipo ndipo apige hodi. Ningeitika mimi au angeitika mama, yeye angesema haya na kuendelea na yake. Ndivyo tulivyoishi mlima mzima. Mimi kwenye programu nilikuwa nimefanya kinyume: nilimlazimisha kila mpiga hodi achunguze kwanza kama mwenye nyumba yupo, mlango kwa mlango, na kwenye mlango mmoja nikampotezea njia.

Nilivaa ndala nikashuka misheni mbio.

Niliyafuta masharti yote. Kipande cha skrini nikakirudisha kilivyokuwa, kikiita betri bila kujali lolote. Halafu kwenye faili dogo la utangulizi, lile ambalo vipande vingine hulisoma kabla ya kuanza kazi zao, nikaandika kazi moja tupu yenye jina lile lile. Sehemu ya betri ikiwemo kwenye ujenzi, jina linakwenda kwa mwenyewe. Isipokuwemo, inaitika ile tupu: haifanyi kitu, inajibu kwamba hapana, na anayeita anaendelea na safari yake. Sharti likabaki moja tu, mahali pamoja, mlangoni. Tena ile kazi tupu haikuongeza uzito wowote, kwa kuwa ujenzi ukiona haina kitu ndani huiyeyusha. Niliisoma mistari ile nikacheka peke yangu. Ilikuwa mizuri, na niliiandika mimi.

Miezi baadaye, nilipopata mahali pa barua pepe mjini, niliituma mistari ile kwa watunzaji wa kiini kile huko ng'ambo. Mmoja wao alijibu kwa kifupi sana kwamba ameipokea, na kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kufanywa kila mahali. Nilitembea kutoka posta hadi stendi nikitamani mtu aniulize nina nini. Hakuna aliyeuliza, nikamwambia muuza machungwa. Alinipongeza na kuniongezea chungwa moja, sijui alielewa nini.

Jumamosi ile, mashine ya kusaga haikuwashwa kweli. Akina mama walipita wakinung'unika na mahindi yao vichwani. Kwa kuwa faili la utangulizi linasomwa na vipande vingi, karibu kila kitu kilijengwa upya, na nilikaa palepale toka asubuhi, sikwenda kokote. Mchana nilitoka kunyoosha miguu, nikachungulia kibanda cha mashine. Mkanda ule uliosemwa umechakaa ulikuwa mpya, bado unang'aa. Nikasimama pale nikalia kidogo, kisha nikarudi ndani. Jioni kabla ya jua kuzama, kiini kilikuwa tayari. Niliziacha skrini zilale, nikaziamsha, nikaziacha tena. Ziliamka kila mara.

Siku ya sikukuu, baada ya misa, watu walijaa nje ya chumba kile, wengine wakichungulia madirishani. Mama alikuwa amevaa kitenge chake kipya na kujiteua mwenyewe kuwa mlinzi wa mlango, akawaambia watoto wafute miguu. Paroko aliketi mbele. Sista alieleza habari za darasa kwa urefu, na nadhani alifanya makusudi, kwa sababu alipokuwa anaeleza skrini zote nane zilikuwa nyeusi. Wazee wa kikundi wakaanza kutazamana. Sista akanyamaza, akabonyeza kibodi ya kwanza, ikaamka. Ya pili ikaamka. Wasichana waliokuwa wamesimama ukutani wakazigusa zilizobaki, na chumba kikajaa mwanga na vigelegele. Paroko alisema viazi vitatafutiwa nafasi nyuma ya sakristia ya kanisa.

Mjomba hakuwemo ndani. Alikuwa ameangalia yote kupitia dirishani, kofia mkononi. Nilimwona akizunguka taratibu na kuja mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mimi nilikuwa nimesimama hatua chache mbele yake, ananiona. Hata hivyo alisimama kizingitini.

"Hodi," alisema. "Mwalimu yupo?"

Mama hakunitazama. Aliweka sawa kitenge chake, akajaza kifua pumzi, na akaitika kwa sauti ile tunayoitumia sisi kuvuka bonde, ili mpaka nyumba za chini zisikie:

"Yupo."