Polishi Nyekundu

Juzi, mjini Embu, nilimwona Anti, mke wa baba mdogo, akitoka hospitalini kwa magongo baada ya upasuaji wa goti. Nikakumbuka harufu ya polishi.

Shosho, nyanya yangu, aliporudi nyumbani kutoka hospitalini na nyonga mpya, Anti alianza kusugua sakafu ya sebule kila siku mpaka ikang'aa. Nilidhani anamheshimu Shosho kama alivyowaheshimu wageni wa kanisa. Alasiri moja gongo la Shosho likateleza, nikasikia mfupa ukivunjika kabla ya yowe.

“Si nilimwambia akae kitandani?” Anti alisema, kitambaa chekundu bado mkononi.

Tulipomzika Shosho, sakafu ile haikupakwa polishi tena.

Sasa Anti anakuja kupona kwangu.

“Sakafu yako haitelezi?” aliniuliza.

“Usijali, Anti. Nimeing'arisha leo asubuhi.”