Makofi ya Madam

Dada anayepika kwenye jumba moja la Al-Hamra, Jeddah, ana viganja vilivyokomazwa na kwaya ya kwao Kakamega. Kwa hiyo Madam, anayejifunza densi ya flamenko ya Wahispania kwa video za simu, humwita sebuleni ampigie makofi, naye Madam hukanyaga vigae kama anayeua mende, vitunguu vikiungua jikoni.

Likizo ya dada ilipokaribia, Madam akaguna: "Ukienda, nani atanipigia?"

Mimi, dereva wao, nikamnong'oneza dada: "We haribu mdundo, akuchoke."

Akakubali. Jioni akakosea makofi mawili. La tatu likaingia mahali pake lenyewe, mabega yakafuata.

"Imenishinda, ndugu yangu," akaniambia baadaye. "Si ni kama kuimba vibaya makusudi mbele ya Mungu?"

Madam alimkumbatia kwa machozi ya furaha, akaifuta likizo.