Kiti cha Gwladus wa Kanisani

Pale kijijini Nant Gerwyn mtu huitwa kwa kazi yake. Kulikuwa na Huw wa Maziwa, kulikuwa na Tudur wa Posta, na kwa miaka ishirini na sita kulikuwa na Gwladus wa Kanisani, aliyefagia, akapiga deki, akachemsha chai. Ukoo wake, Parri, ulibaki kwenye cheti cha kuzaliwa tu.

Baba yake alikuwa mpasua mawe ya kuezekea. Machimboni, saa ya chakula, wanaume walijibanza kibandani wakishindana kwa mashairi, na jioni mzee alirudi nayo nyumbani akawafunza wanawe wawili wa kiume. Masikio ya vijana wale yalikuwa ya kupambia kichwa. Aliyeshika mizani na vina ni binti aliyekuwa akiosha vyombo.

Tangu hapo Gwladus alitunga akiwa amepiga magoti, brashi mkononi. Kila mwaka alipeleka shairi kwenye mashindano yaliyofanyika kanisani humo, kwa jina la kupanga, kama sheria inavyotaka, jina lake halisi likiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Mara nne akawa wa pili, wala hakumwambia mtu. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kiti cha mshindi. Kwa watu wa kule, aliyeketishwa kwenye kiti kile cha mwaloni ni mshairi mpaka kaburini. Asiyeketishwa ni mtu anayependa mashairi, na wa namna hiyo wamejaa tele.

Mwaka ule jaji alikuwa mgeni, Bwana Ithel Morus. Alisema shairi bora, tena kwa mbali, ni la aliyejiita Kizingiti. Tarumbeta ikalia.

"Kizingiti na asimame, yeye peke yake!"

Gwladus akasimama, safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa jiko.

"Kaa, mama, kaa," jirani yake alimvuta sketi. "Chai bado!"

"Huyu naye na birika lake!" mwingine akadakia, na kanisa zima likacheka. Nani awalaumu? Miaka yote hiyo, Gwladus akisimama, ni maji yamechemka. Lakini safari hii hakukaa.

"Sikusimama kwa ajili ya chai," alisema. "Kizingiti ni mimi."

Kicheko kikakatika. Cadwaladr Puw, shemasi mkuu na mshika upanga wa sherehe, akakohoa kidogo.

"Dada Gwladus, usituaibishe mbele ya mgeni. Shairi lile ni la marehemu baba yako. Umeliokota sandukuni mwake, basi."

Kudharauliwa alikwisha kuzoea, lakini kuitwa mwizi wa baba yake mwenyewe, la.

"Baba hakuacha sanduku, Bwana Puw. Aliacha koti na kikohozi. Nijaribuni!"

Jaji akamtazama, kisha akanyoosha kidole. "Haya. Tunga juu ya upanga ule."

Gwladus hakuchukua zaidi ya muda wa kukamua tambara.

"Upanga unaong'ara,
Niliung'arisha mimi;
Mwaushika kwa hadhara
Kunikatia ulimi."

Wachimba mawe waliokaa ghorofani walipiga miguu sakafuni mpaka vumbi likadondoka, vumbi ambalo kwa kawaida angelifagia yeye. "Mleteni mshairi!" jaji alisema huku akicheka.

Kabla mshairi hajaketi, upanga huchomolewa nusu na watu huulizwa mara tatu kama kuna amani. Shemasi akauchomoa, uso umemwiva.

"Kuna amani?"

"Amani!"

Mara ya pili, amani. Mara ya tatu paa likataka kung'oka. Kiti kilikuwa tayari nyuma yake, na Gwladus bado amesimama.

"Bwana Puw," alisema, "wewe sijakusikia."

"Mimi kazi yangu kushika upanga."

"Na ulimi unao. Wangu ulitaka kuukata, wako utumie."

Shemasi alitazama huku na huku asione wa kumwokoa.

"Amani," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Sikio langu moja zito."

"Amani!"

Upanga ukarudi alani, na Gwladus Parri akaketi. Alijikita, akaweka mikono yake yenye sugu juu ya ule mwaloni, na machozi yakamtoka asiyafute. Kisha akamgeukia shemasi.

"Sasa ndiyo wakati wa chai. Birika kubwa linavuja, Bwana Puw, usilijaze kupita nusu."

Shemasi akaenda jikoni, joho la sherehe likiburuzika nyuma yake. Chai yenyewe ilikuwa nyepesi, na mkate wa zabibu aliukata vipande vinene kama matofali, lakini Gwladus alikunywa vikombe viwili bila kuinuka.