Nilisema Amepona

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu ziko mdomoni. Wateja wangu hapa mtaani Chuno wanalijua hilo. Ukiniletea kitambaa leo ukakitaka kesho, gauni utalipata, lakini utalipata pamoja na maneno yake. Haya ninayoyaeleza yalitoka kwenye mdomo huohuo, na sijapata kumwambia mtu.

Mwanangu alizaliwa na ugonjwa wa damu kutoganda. Hospitali wanauita hemofilia. Majirani waliuita damu ya maji. Akitoka jino, anavuja damu siku tatu. Akijigonga kwenye cherehani yangu, goti linavimba ndani kwa ndani mpaka linang'aa, naye anauma pindo la kanga asipige kelele. Nesi alinieleza kwamba ugonjwa huu mama huubeba bila kuugua, akaugua mtoto wa kiume. Alisema kwa upole, lakini maana yake ilikuwa moja tu, kwamba umetoka kwangu. Baba yake aliposikia hivyo alisema kwao hakuna damu ya namna hiyo, akahamia mtaa wa Rahaleo kwa mwanamke mwingine. Dada yake, wifi yangu, akalitembeza neno hilo mji mzima. Wanawake wa nyumba ile, alikuwa akisema, wanazaa watoto wabovu.

Aliyebaki nasi ni kaka yangu. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na kaka hakusubiri kukumbushwa. Alikuwa kijijini kwetu, upande wa Nanyamba, na mikorosho yake, lakini akisikia goti limevimba anakuja. Anambeba mtoto mgongoni kwa kanga mpaka hospitali, mwanamume mzima na ndevu zake. Watu wakimcheka anawajibu, "Chekeni tu. Kwani mgongo ni wa mama peke yake?"

Mtoto alipofika miaka kumi tukaingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya. Ile ya zamani ilikuwa ya kuchomwa kwenye mshipa, na mara nyingi ukifika hospitali unaambiwa imekwisha. Hii mpya ilikuwa sindano ndogo ya chini ya ngozi, tumboni, kila Jumatano. Nesi wa utafiti alinisomea fomu ukurasa kwa ukurasa. "Dawa hii haiponyi, mama," alisema. "Inazuia. Akikatwa, akifanyiwa upasuaji, hata kung'olewa jino, mtuambie kwanza, kwa sababu siku hiyo atahitaji na ile nyingine. Haya, nirudishie nilichokuambia." Nikamrudishia neno kwa neno. Akacheka, akasema ningefaa kuwa mwalimu, nikatia sahihi.

Walinipa daftari la kuandika kila anapotoka damu. Mwezi wa kwanza niliandika mara mbili, wa pili mara moja. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu. Mwanangu akaanza kukimbia. Akacheza mpira peku nyuma ya nyumba, nami naacha cherehani napiga ukelele, "Wee! Goti!" naye ananijibu, "Hilo goti la zamani, mama." Jamani, nilifurahi. Kila wiki nilikuwa nalifungua daftari lile lisilo na kitu, nalitazama, nalifunga.

Shida ilibaki moja. Wenzake walikuwa wamekwenda jandoni wakarudi na nguo mpya na nyimbo zao za siri, wakawa wanamwita msungo, yaani asiyeingia jando, mtu ambaye hasemeshwi mambo ya wanaume. Alikuja kunishtakia. Nikamwambia akawaambie wasungo ni baba zao. Lakini hospitali walikwisha kukubali kumtahiri wao wenyewe, kwa utaratibu wao, ile dawa ya mshipani ikishafika ya kutosha. Ilitakiwa subira tu, na subira mimi sina.

Siku moja wifi yangu alikuja kushonesha gauni la harusi. Nampima kifua, naye ananiuliza, sauti ya juu, wateja wawili wamekaa benchini, "Na yule mgonjwa wenu je? Bado mnahangaika naye?"

Nikamwambia, "Nani mgonjwa? Mwanangu amepona."

"Amepona? Ugonjwa wa kuzaliwa nao?"

"Amepona kabisa. Nenda kamwambie na kaka yako."

Uso wake ulivyoshuka! Sitasema uongo sasa, nilisikia utamu. Lile gauni nililishona vizuri kuliko gauni lolote la mwaka ule.

Neno likasafiri. Baada ya siku chache kaka akanipigia simu kutoka shambani. Hakusalimia hata. "Mdogo wangu, nasikia mtoto amepona. Ni kweli?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alikuwa kaka yangu, hakuwa wifi. Lakini kama ningemwambia yeye kwamba mtoto hajapona, angewakatalia watu kule kijijini, maneno yangenirudia, na wifi angekuja kunicheka mlangoni kwangu. Nikasema, "Kweli." Nikamsikia analia, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, hata akasahau kuaga.

Likizo ya Juni alimfuata mtoto, wakaondoka Alhamisi, sindano ya wiki ikiwa tayari imechomwa. Aliniambia bibi zake wanataka kumwona. Jumamosi saa sita mchana akapiga simu. Nyuma yake nilisikia ngoma na vigelegele. "Hongera, mama wa mwali!" akasema. "Nimekutolea aibu. Mwanao ameingia jando, yumo kumbini tangu asubuhi. Njoo upike."

Nikasema nakuja, lakini gari la kwanza nililolipata lilikuwa la kesho yake alfajiri.

Baadaye nilikuja kujua kwamba yule aliyewatahiri hakuwa ngariba wa zamani. Alikuwa kijana aliyesomea, ana glavu na vifaa vipya. Kabla hajaanza aliuliza kama kuna mtoto mwenye ugonjwa wowote. Kaka yangu alisimama, akamweleza ukweli wake wote. Huyu alikuwa nao, lakini amepona, mama yake mwenyewe kasema.

Nilifika kijijini Jumapili asubuhi. Wanawake walinipokea kwa vifijo, wakanipaka unga usoni, wakaniimbia. Mama haruhusiwi kulikaribia kumbi, kibanda cha jando. Kazi yake ni kupika, na chakula hupelekwa na wanaume. Nikauliza, "Damu?" Wakasema imekata tangu jana, wote wazima. Ilikuwa kweli kwa siku ile, maana dawa ilikuwa bado inamshikilia. Nikajipa moyo. Labda nesi anazidisha woga, labda kweli amepona. Nikashika mwiko, nikasonga ugali pamoja na wenzangu. Kila nilipotaka kusema nilizitazama zile nyuso zenye furaha nikaona haya.

Jumatatu saa sita, mwanamume aliyekuwa akibeba vyakula alirudisha masinia. Nikamuuliza, "Wa kwangu anakulaje?"

"Wa kwako leo analala sana," alisema. "Tumemweka majani, damu imerudi kidogo."

Nilijua. Msije mkasema sikujua. Sentensi ilikuwa moja tu: hajapona, niliwadanganya. Niliitafuna mdomoni huku nachambua kisamvu, adhana ya adhuhuri ikapita, na mimi nachambua. Mwanangu anavuja damu umbali wa mwito tu, na mimi natafuta namna ya kusema ambayo haitaniaibisha. Nikaipata wakati wa alasiri. Niliinuka na simu mkononi, nikapiga kelele kwamba daktari kapiga sasa hivi, amesema dawa haikufanya kazi kama walivyodhani, mtoto arudishwe haraka. Wakakimbia.

Kaka alimtoa kumbini mikononi. Shuka ilikuwa nzito. Kulikuwa na gari moja kijijini, la mnunuzi wa korosho, tukapakiwa nyuma. Mtoto aliniona, akatabasamu, midomo haina rangi. "Mama," akasema, "mimi sikulia." Jandoni mtoto halii. Nikamwambia nimesikia, kila mtu amesikia, yeye ni mwanamume. Kaka alikuwa anamshikilia kichwa kisigonge bodi, na anasoma kila sura anayoijua.

Hospitali yule nesi wa utafiti, niliyempigia simu njiani, alikuwa anatungoja mlangoni. Ile dawa ya mshipani ilikuwamo kwenye friji, chupa chache, akazitumia zote. Wakamwongeza damu. Nesi alifanya kazi mpaka jasho likamtoka. Mwanangu alifariki Jumanne kabla ya adhuhuri. Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku yake ya sindano.

Msinitajie ile methali ya mficha maradhi. Naijua, na walionitajia msibani hawakujua wanamtajia nani.

Watu wa utafiti walikuja baada ya hitima, daktari mmoja na yule nesi. Walitoa pole, kisha daktari akaomba radhi na kutoa fomu. Kifo kikitokea lazima waeleze sababu, akasema, ili watoto wengine wasipatwe na hayo. Akauliza kama nilielezwa wazi, kwa lugha ninayoielewa, kwamba dawa haiponyi. Nesi alikuwa amekaa mkekani karibu yangu. Alinitazama.

"Labda nilielezwa," nikasema. "Sikuelewa vizuri."

Daktari akaandika. Nesi akainamisha kichwa, akazitazama kucha zake. Sikumwona tena hospitali ile, na sikuuliza alipelekwa wapi.

Kaka yangu ndiye aliyebeba lawama zote. Wazee walimsema mbele za watu, kwamba mjomba gani anayemwingiza mgonjwa jandoni. Hakujitetea. Hakusema hata mara moja kwamba alikuwa ameniuliza. Sijui kama alisahau au alinihifadhi, na nimeogopa kujua.

Siku ya arobaini, watu walipoanza kutawanyika, alikuja nilipokaa na wanawake wenzangu. Alikuwa amekonda, kanzu inamwelea. Akapiga magoti mbele yangu, kaka yangu mkubwa aliyenilea.

"Mdogo wangu," alisema, "nimekuulia mwanao. Nimekuja uniambie neno lolote, hata baya. Nimeshindwa kula."

Wifi yangu alikuwapo, amesimama mlangoni, anasikiliza. Nilimwona. Neno la kweli lilikuwa tayari kooni, na halikuwa refu.

"Nimekusamehe, kaka," nikasema.

Akanishika mikono yote miwili, akaibusu, akanishukuru kwa machozi mbele ya watu wote.