Lango la Maji na Mbuzi Wanne

Shangazi yangu anaishi Ganako, lakini vitunguu vyake viko Mang'ola, na zamu yake ya maji ni Jumamosi tu. Jumamosi moja mashine niliyoitengeneza mimi, ile inayofungua lango la mfereji kwa kufuata saa, iliganda. Mpaka ufunguo wa kufungulia kwa mkono ukapatikana, muda wake ulikuwa umekwisha, na kule zamu ikipita imepita. Vitunguu vilikuwa vinaanza kutunga vichwa. Akikosa maji mara ya pili, msimu umekwenda.

"Mwanangu," aliniambia, "vitunguu havijui kompyuta. Jumamosi ijayo nataka maji."

Nilirudi Karatu mjini na mashine kwenye begi, nikawa naandika daftarini kila nilichojaribu. Betri nzima. Mota nzima. Jumatano nikagundua kuwa inaganda orodha ya zamu inapokuwa ndefu, na msimu huu wakulima wameongezeka. Alhamisi nikafika kwenye linka, yaani programu inayounganisha vipande vya programu nyingine na kuvigawia nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Nilikuwa nimeiagiza itenge nafasi ya kazi ya 4K, nikimaanisha baiti elfu nne na ushee. Yenyewe ilisoma nne, ikaitupa K, ikatenga baiti nne, orodha ndefu isipate pa kukaa. Haikulalamika hata kidogo. Nikaijaribu kwa kuandika "4mbuzi". Ikapokea.

Nikamkumbuka mgawa maji wa mfereji wetu, mtu wa maneno makali, ambaye hamfungulii mtu kabla hajataja saa zake. Mfugaji mmoja aliyekodi shamba alimwambia anataka maji nusu siku.

"Nusu ya siku ya nani?" akamjibu. "Yako ya kuchunga au yangu ya kulima? Taja saa."

Akamwacha amesimama na jembe lake mpaka alipozitaja.

Nikaandika 4096. Kwa Jumamosi hiyo ilitosha, ila mimi sikuridhika. Ijumaa nzima nikatengeneza hatua ya ukaguzi inayotangulia linka: ikikuta chochote kisicho tarakimu, inakataa na kazi inasimama. Kisha nikawaandikia wanaoitunza linka hiyo, na mfano wa mbuzi nikauambatanisha.

Jumamosi asubuhi, mashine nimeshairudisha langoni, shangazi alikuwa ukingoni mwa mfereji, ufunguo wa mkono ameufunga kwenye pindo la khanga. Mgawa maji akamuuliza saa zake, ingawa zimo kwenye mashine. Shangazi akasema saa moja mpaka saa nne. Saa moja kamili mota ikaguna, lango likapanda, na maji yakaingia jaruba la kwanza. Shangazi hakunitazama. Alikuwa anayafuata maji kwa jembe, jaruba kwa jaruba.

Lango liliposhuka saa nne, jaruba la mwisho lilikuwa limelowa. Nikanyoosha mkono kuchukua ufunguo. Shangazi akasema utakaa kwake.