Gitaa na Uzi wa Kiunoni

Mjomba wangu anaitwa Rangnath, ila karakana nzima inamjua kama Gitaa. Na hawamwiti kwa mdomo. Kwenye mashine za kufuma hapa Ichalkaranji, India, husikii hata ukitukanwa, kwa hiyo watu wanaongea kwa mikono. Bosi ni tumbo kubwa, chai ni kidole gumba mdomoni, na mjomba ni vidole vinavyopiga nyuzi hapo kwenye kinena, trrang trrang. Ndivyo alivyokuwa anajikuna, miaka miwili.

Nilicheka sana, nakiri. Hata stika ya WhatsApp nilimtengenezea. Mnisamehe.

Kicheko kiliniisha siku ya mtoto kupewa jina. Mangal, mke wa mjomba, alikuwa amekwenda kujifungulia kwao kama kawaida, akapata binti. Siku ya kumi na mbili tukaenda na peremende. Mjomba ananyoosha mikono ampokee mwanawe, mama mkwe anageuka na mtoto.

"Baba, wewe mtazame kwa macho tu. Hayo madude yako yanaambukiza."

Shemeji yake akapiga gitaa. Ukumbi ukacheka.

Tukirudi mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, hata nikiambiwa nioge tindikali, naoga. Nataka kumbeba mwanangu."

Sasa nikwambie nani alinikera. Mwenye duka la dawa la mtaani kwetu! Mjomba alipokwenda mara ya kwanza na choa kimoja kama kizibo cha soda, yule bwana hakumwambia hata ainue shati. "Paka hii, siku tatu kwisha habari." Kweli, siku tatu muwasho kimya. Mjomba akamsifia dunia nzima, akamminyia mama yangu, akamminyia jirani. Tyubu moja, taulo moja, ukoo mzima! Mwezi haukuisha, mizunguko ikarudi mikubwa kama chapati na ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Akarudi dukani, akapewa tyubu ya rangi nyingine. Kisha nyingine. Zote tumboni ni kitu kilekile!

Hayo tuliambiwa na Daktari Revati, wa ngozi. Alizipanga tyubu tano mezani.

"Nani alikuandikia?"

"Mwenye duka, dada."

"Huyo kasomea kuuza. Humu kuna steroidi. Inazima wekundu, wewe unadhani umepona, kumbe fangasi wako harusini wanakula. Na hawa wa siku hizi sugu, vidonge vya kawaida wanavicheka."

Akampa vidonge vingine vya wiki nyingi. Taulo lako peke yako, nguo maji ya moto, anika juani, jinzi za kubana acha. Mjomba alifuata kama mwanajeshi. Mapaja yakasafika, mgongo ukasafika. Wiki ya saba, mizunguko ikaanza kushuka tena kutoka kiunoni. Mtu mzima alikaa kitandani akalia.

Tukarudi kliniki, daktari akasema, "Leo inua shati lote, acha aibu."

Uzi mweusi huo, umemzunguka kiuno, umelowa jasho la karakana, umeshika ukurutu. Kwetu mtoto hufungwa uzi huo kumkinga na kijicho; mjomba alifungwa tangu mchanga, na huu wa sasa anao tangu harusi. Hakuwahi kuutaja. Nani anataja uzi wake? Ni kama kutaja kitovu.

"Hapa ndipo wanapolala," daktari akasema. "Kata."

Nyumbani bibi akawaka. "Uzi wa mwanamume unakatwa akiwa maiti! Nani kafa humu?"

"Mama," mjomba akamjibu polepole, "binti yangu ana miezi miwili na sijui kichwa chake kinanukiaje."

Bibi akageuka. Akaingia ndani, akatoka na mkasi wake wa kushonea.

"Niliufunga mimi, nitaukata mimi. Atakayesema umekufa aje aniambie mimi."

Akaukata, akautia kwenye jiko la maji ya kuoga, ukanuka kama soksi za timu nzima. Mkasi nao akauchemsha, tena bila kuambiwa.

Mwezi na nusu baadaye, ngozi safi, daktari kakubali, Mangal akarudi. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemweka mtoto mikononi mwa mjomba. Mjomba akainamisha pua kwenye utosi, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akainua kigauni, akaona uzi mweusi mpya kiunoni mwa mtoto.

"Mama mkwe, kwa heshima zote, huu haulali hapa ukiwa umelowa."

Mama mkwe akamtazama bibi. Bibi akanyanyua mkasi.

Stika nimeifuta. Ila jana tu nimemkuta yule mwenye duka anampa binti wa rika langu tyubu ileile apake usoni. Nilipiga kelele mpaka wauza mboga wakaja. Akaniambia nina kiherehere. Ninacho!

Haya, na wewe unayesoma huku unajikuna: nani alikuuzia tyubu bila kukuangalia, na walikubandika jina gani? Shusha hapa chini. Leo hatumcheki mtu, tunamtafuta muuzaji.